Kipimo Kwanza, Risiti Baadaye



Tumealikwa kuzungumzia sheria, nasi twaomba tuanzie langoni mwa hospitali. Mwenye kisukari aletwa usiku akiwa amelegea, apumua kwa kasi na kwa kina, pumzi yake yanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Bawabu asema ni mlevi. Karani ataka malipo ya awali. Jamaa zake wahangaika kuchanga pesa, na mgonjwa yu pale pale benchini.

Sisi si madaktari, lakini jambo hili si siri ya madaktari. Insulini ikikosekana, mwili huchoma mafuta badala ya sukari, damu ikajaa asidi na maji yakapungua mwilini. Mgonjwa huyo huhitaji maji ya mshipani, insulini, na kuchungwa kiwango cha potasiamu, bila kukawia. Yupo na wa pili, ambaye sukari yake imeshuka: hutetemeka, hutokwa na jasho, huropoka, kisha huzirai. Huyu naye huitwa mlevi. Yeye huhitaji glukosi. Akipewa insulini ya yule wa kwanza, yaweza kumwua. Hutofautishwa kwa tone moja la damu kidoleni, na jibu hupatikana kabla ya dakika kwisha.

Je, sheria yasemaje? Katiba ya uhuru haikutamka haki ya afya. Mpango wa kuchangia gharama, ulioanzishwa Desemba 1989, ulimweka karani mbele ya daktari. Kufutwa kwa kifungu 2A Desemba 1991 kulituletea vyama vingi, lakini hakukumwondoa karani huyo. Ilitubidi kungoja Katiba ya 2010, ambayo Kifungu 43(2) chatamka kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikafafanua kuwa matibabu hayo ni pamoja na kuimarisha hali ya mgonjwa, au kumpangia rufaa pale uwezo usipokuwapo. Hospitali yenye uwezo ikikosa kuyatoa, yaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 nayo ikaunda hazina ya kulipia dharura.

Kwa hiyo hatukosi sheria. Tunalokosa ni sheria hiyo kufika langoni. Haki asiyoijua bawabu ni sawa na dawa iliyofungiwa ghalani.

Twadai mambo manne. Kwanza, kila aletwaye akiwa hajitambui apimwe sukari kabla ya kuulizwa pesa, wala asiitwe mlevi kabla ya kupimwa. Pili, Kifungu 43(2) kibandikwe langoni na dirishani pa karani, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji. Tatu, hospitali ikimkataa mgonjwa, iandike sababu, saa, na cheo cha aliyeamua, na jamaa wapewe nakala. Bila karatasi hiyo, sisi mawakili huingia kortini mikono mitupu. Nne, serikali izilipe hospitali kwa wakati, kwani hospitali isiyolipwa hujifunza kufunga lango.

Ndugu wananchi, kisukari hakiulizi chama cha mtu wala kabila lake. Nendeni mkaulize katika hospitali zilizo karibu nanyi: kipimo kipo? Nani hukutana na mgonjwa kwanza, muuguzi au karani? Majibu yaandikeni, myalete.