Lisemwalo lipo, au debe tupu?



Hivi karibuni nilikuwa safarini, natoka Kibondo kwenda Kigoma mjini. Gari liliposimama Kasulu niliteremka ninywe kahawa. Baada ya "mwakeye" za asubuhi nikakuta watu wanabishana. Redio ilikuwa imezungumzia mataifa yenye silaha za nyuklia, na kijana mmoja akauliza: nchi adui ikitangaza kwamba inalo bomu hilo, majirani zake waamini? Akajijibu mwenyewe: "Lisemwalo lipo." Mzee aliyekaa kando akacheka. "Mwanangu," akasema, "debe tupu haliachi kuvuma." Wakaniomba niamue, lakini dereva akapiga honi. Leo nitajaribu.

Sisi Watanzania tunayo mizani ya jambo hili. Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba tutampiga Idi Amin, alitaja mambo matatu: sababu, nia na uwezo. Sababu na nia mtu anaweza kuzitamka. Uwezo haupatikani kwa kutamkwa, hupimwa. Siku hizo Redio Uganda ilijigamba kwamba jeshi la Amin limeteka eneo letu la Kagera kwa dakika 25. Ni kweli ardhi yetu ilivamiwa na watu wetu waliuawa. Lakini nguvu zile za kujigamba hazikuwapo. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mzee wa Kasulu, hapo umepata.

Sasa tutazame Korea Kaskazini. Februari 2005 ilitangaza kwamba inazo silaha za nyuklia, nayo ilikuwa haijafanya jaribio hata moja. Tarehe 9 Oktoba 2006 ikalipua kitu chini ya ardhi. Bomu la Hiroshima la mwaka 1945 lilikuwa na nguvu ya kiasi cha tani 15,000 za baruti kali. Mlipuko huu ulikadiriwa kuwa chini ya tani 1,000. Wapo waliosema kwamba pengine ni baruti tu iliyolundikwa shimoni. Nani aamue?

Watu wa Kigoma wanajua ardhi inavyotikisika. Tarehe 5 Desemba 2005 Ziwa Tanganyika lilikumbwa na tetemeko la ukubwa wa 6.8. Mlipuko mkubwa chini ya ardhi nao hutikisa miamba, lakini mawimbi yake hutofautiana. Katika tetemeko, miamba huteleza, huu upande huu, ule upande ule. Mlipuko husukuma pande zote kwa mara moja, na mitambo huitambua tofauti hiyo. Tena bomu la nyuklia hutoa gesi ya zenoni yenye mionzi, ambayo baruti haiwezi kuitoa. Majuma mawili hivi baada ya jaribio lile, mitambo iliyoko Yellowknife, Kanada, ilinasa gesi hiyo. Vituo vya namna hiyo viliwekwa kwa ajili ya mkataba wa mwaka 1996 wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia. Kimoja kiko Dar es Salaam, kinachuja hewa kutafuta chembe za mionzi.

Basi shaka ikajibiwa: lilikuwa bomu kweli, ingawa dhaifu. Waliolicheka walikosea. Tarehe 3 Septemba 2017 Korea Kaskazini ilifanya jaribio la sita, lenye nguvu mara nyingi kuliko Hiroshima. Kijana wa Kasulu, methali yako ina mwisho ulioukata: kama halipo, laja.

Lakini lipo na la tatu. Mwaka 2003 si Iraki iliyojigamba. Wakubwa wengine ndio waliosema kwamba inafufua mpango wake wa nyuklia. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki waliliambia Baraza la Usalama kwamba hawajaona ushahidi wa jambo hilo. Hawakupewa muda wa kumaliza kazi. Machi mwaka huo vita vikaanza. Bomu halikuonekana, na watu wengi wakafa.

Hapa Kigoma hatuko mbali na somo hilo. Katika miaka ya 1990 Serikali ya Burundi ilidai kwamba kambi za wakimbizi upande wetu ni maficho ya waasi wenye silaha. Serikali yetu ikakanusha. Mpaka ukachafuka, na mwishoni mwa mwaka 1997 jeshi likawakusanya Warundi waliokuwa wakiishi vijijini na kuwapeleka kambini. Wamo waliokuwa wamekaa miaka mingi, wameoa kwetu, wana mashamba na watoto. Mama mwenye shamba la maharage hakuwa na bunduki, lakini maneno ya bunduki yalimfikia.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, uamuzi wangu ni huu. Kumtilia shaka adui anayejigamba si ujinga, wala si dharau. Ujinga ni kuishia kwenye shaka, ama kuishia kwenye hofu, bila kupima. Tuulize: nani anafaidika nikiamini? Kitu gani kinaweza kuonekana au kupimwa? Na aliyetumwa kukagua amesema nini? Kijana na mzee, nikipita tena Kasulu, kahawa nitawanunulia mimi.