Waelimishaji rika warudi viwandani

(Niliyoyasema kwenye kikao cha vijana wa chama, Zegereni. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyatamka.)

Naona wengine mko na sare za kazini na shifti ya usiku inawasubiri, kwa hiyo sitazunguka.

Viongozi wa serikali wakija huku wanahesabu viwanda. Sisi tunahesabu vidole vilivyokatwa na mashine. Kuna kitu kimoja hakuna anayekihesabu, nacho ni kichwa cha mfanyakazi. Usingizi uliopotea, hofu, hasira anayorudi nayo mtu nyumbani akaimalizia kwa watoto.

Binamu yangu alikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja, sikitaji. Mwenzake wa mashine ya jirani alisagwa mkono mbele ya macho yake. Sakafu ikamwagiwa maji, mashine ikawashwa, kazi ikaendelea. Wiki ya pili binamu halali, hali, mlango ukigongwa anaruka. Kumwambia msimamizi, akajibiwa: kama umechoka kaa nyumbani, wenzako wamejaa getini. Basi akanyamaza. Na mimi simlaumu, maana siku asiyoingia ni siku asiyolipwa.

Sasa, wakubwa zetu hapa mnawakumbuka waelimishaji rika wa UKIMWI. Hakuwa daktari wala bosi. Alikuwa mfanyakazi mwenzako, mnakula wote kwa mama ntilie, ila amefundishwa kusikiliza, kutunza siri na kukusindikiza kliniki. Mwaka 2008 Bunge likatunga Sheria ya UKIMWI, ikamtaka kila mwajiri awe na mpango wa UKIMWI mahali pa kazi. Mwaka huohuo likatunga Sheria ya Afya ya Akili. Isomeni. Imejaa habari za mgonjwa anavyopokelewa na kulazwa hospitali. Mtu ambaye bado yuko kwenye mashine, anatetemeka lakini anafanya kazi, yule sheria haimwoni.

Kwa hiyo dai letu si geni. Tunachotaka ni kile kilichowezekana kwa UKIMWI kiwezekane kwa sonona na msongo wa mawazo.

Lakini tusidanganyike na mpango wa picha. Nairobi kulikuwa na vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama kuchuja video na picha za kutisha za Facebook. Mchana kutwa wanaangalia watu wakichinjwa. Washauri nasaha walikuwepo. Hata hivyo mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung, aliishtaki Sama pamoja na Meta, wenzake wakafuata na kesi yao, na mwaka 2024 ikaripotiwa kuwa zaidi ya 140 wamepimwa na daktari na kukutwa na majeraha ya akili yatokanayo na mambo ya kutisha. Malalamiko yao yalikuwa kwamba msaada ule haukutosha, na kazi yenyewe haikubadilika. Mshauri anayekutuliza ili urudi haraka kwenye kilekile kilichokuumiza, huyo anamhudumia nani?

Ndiyo maana nasema anayesikiliza achaguliwe na wafanyakazi wenyewe, si na ofisi ya utumishi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 tayari inawatambua wawakilishi wa usalama na afya. Wengi wao wanaishia kukagua mitungi ya kuzimia moto. Wafundishwe na hili. Zimbabwe tangu 2006 bibi wa kawaida wa mtaani wanafundishwa, wanakaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki, wanasaidia kweli. Bibi akiweza, mwenzako wa shifti atashindwaje?

Siri ndiyo kila kitu. Hakuna daftari la majina, na neno lisifike kwa msimamizi. Na hapa nina ugomvi na sheria yetu: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Wewe ungemwambia mwenzako jana usiku ulifika wapi, halafu unajua hilo ni jinai? Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, na Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kinakiuka katiba. Kwetu lazima tukiseme bungeni, mahakamani na hata vijiweni.

Jambo la mwisho, nalo ni la pesa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya miezi 36: siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu, ukileta cheti cha daktari. Ugonjwa wa akili nao ni ugonjwa. Tatizo ni kwamba mwenye chini ya miezi sita kazini hana likizo ya malipo. Ila hapa sikilizeni vizuri, hasa vibarua. Kama mwajiri yuleyule amekuita zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na muda wako ukijumlishwa unazidi miezi sita, haki hiyo unayo. Nina uhakika wapo humu wanaoistahili na hawajui. Andikeni kila siku mliyoingia, pigeni picha kadi ya mahudhurio na ujumbe wa malipo kwenye simu. Bila ushahidi, mkifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi mtabaki mnabishana tu.

Naomba kila kiwanda kinipe majina mawili, mwanamke na mwanaume, watu ambao mkiwaambia jambo halitoki. Tutakutana Jumapili, nje ya geti, mbali na kamera zao. Wa shifti ya usiku nendeni, bodaboda zinawasubiri. Mnaobaki, nakala za sheria ninazo hapa, tuanze kusoma.