Majani ya Uwanja na Jinsi ya Kuyatambua

Wasikilizaji, leo nitasema juu ya majani ya uwanja. Najua wako watakaocheka, wakisema, "Majani ni majani tu, na ng'ombe hula yote." Lakini shule ikitaka kupanda uwanja wa mpira kando ya shamba la kahawa, na wanafunzi wakatumwa kuleta majani ya kupanda bila kujua wanachokichimba, jirani aweza kupata hasara ya miaka mingi.

Katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania yako majani matatu yatambaayo: ukoka, majani ya Kikuyu na sangari. Adui mkubwa wa kahawa ni sangari. Mashina yake hupita chini ya udongo, na kipande kilichokatwa kwa jembe huchipuka tena. Basi kuilima ovyo ni kuipanda.

Msihukumu kwa kuchimba tu, maana ukoka nao una mashina ya chini. Tazameni ua. Ua la ukoka lina vijiti vitatu hata sita, vyote vimetoka mahali pamoja kama vidole. Vijiti vya sangari hupandana juu ya kikonyo, kimoja chini, kingine juu kidogo. Ua la majani ya Kikuyu limejificha ndani ya ala ya jani. Huonekana nyuzi nyeupe tu, kana kwamba uwanja umemwagiwa pamba.

Na kama hakuna maua? Vuteni jani polepole mahali linapoachana na shina, mkatazame upande wa ndani. Katika ukoka na majani ya Kikuyu mtaona nywele fupi zilizojipanga kama kope. Katika sangari mtaona utando mwembamba, kama ngozi ya ndani ya kitunguu. Kitu chenyewe ni kidogo sana, kwa hiyo watoto hukiona upesi kuliko sisi wazee.

Aliyekwisha kuingiliwa na sangari na aichimbue wakati wa kiangazi kwa jembe la meno, ambalo halikati mashina sana, ayaokote yote na kuyaanika juani hata yakauke kabisa. Ukoka na majani ya Kikuyu nayo hupenda kuvuka mipaka. Chimbeni mfereji kati ya uwanja na shamba, mkausafishe mara kwa mara.