Uaminifu Haupimwi Siku ya Arusi

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma juu ya riwaya za kihistoria.



Mmeniomba nizungumze juu ya riwaya za kihistoria na faida zake kwa msomaji. Wengi wetu tukisikia neno historia hufikiri habari za wafalme, vita na mikataba. Na tukisikia neno riwaya hufikiri maneno ya kujiburudisha baada ya kazi. Ndiyo maana riwaya ya kihistoria imekuwa kama mtoto wa nyumba mbili anayelala na njaa. Leo nataka kuitetea, na shahidi wangu mkubwa ni kitabu kilichoandikwa katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria.

Mwandishi wake ni Mzee Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusoma katika seminari ya Rubya, Bukoba. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa lugha ya Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wa zama za kabla ya ukoloni. Katika kitabu hicho hakuna mfalme ashindaye vita. Mna mume na mke waliokosa mtoto, basi.

Lakini tazameni uzito wa jambo hilo. Jamaa za Myombekere wanamsema Bugonoka kwa maneno ya kuchoma, na wazazi wake, kwa uchungu, wanamrudisha kwao. Kwa desturi ya wakati ule Myombekere angeweza kuoa mwingine na hakuna ambaye angemlaumu. Yeye anamfuata mkewe ukweni, anaomba radhi kwa makosa ya jamaa zake, na anakubali kutozwa pombe ya ndizi. Mwandishi anaieleza kazi ya kuitengeneza pombe hiyo hatua kwa hatua, na jinsi majirani walivyomsaidia. Msomaji mwenye haraka atachoka hapo. Msomaji mwenye subira atafahamu kwamba uaminifu ni kazi, tena kazi ya mikono, na kwamba haupimwi siku ya arusi wakati ngoma zinalia. Hupimwa siku ile ambapo kuondoka ni rahisi na kubaki kuna gharama.

Imani nayo imo. Wawili hawa wanakwenda kwa mganga, wanakunywa dawa kwa muda mrefu, wanawakumbuka wahenga wao, na hatimaye wanapata mwana, Ntulanalwo, kisha binti, Bulihwali. Mzee Kitereza mwenyewe alikuwa Mkatoliki. Hata hivyo hakuyadhihaki matambiko ya babu zake, wala hakuyapamba. Aliyaeleza kwa heshima, kama mtu aelezaye nyumba aliyozaliwa. Hilo ni funzo kwetu tufundishao watoto wa dini mbalimbali katika darasa moja.

Najua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya kale, na kwamba kitabu kimejaa desturi kuliko visa. Neno la pili lina ukweli: ziko kurasa ambazo mwandishi anasahau hadithi ili aeleze mila. Lakini alikusudia hivyo. Aliona vijana wakiyasahau maisha ya wazee wao, akataka kuyahifadhi. Na juu ya ukale, nauliza: je, katika mitaa yetu leo hakuna mwanamke anayesemwa kwa kukosa mtoto?

Wengine watasema uaminifu wa mume na mke ni jambo la nyumbani tu, halina uhusiano na maisha ya umma. Hao nawaomba waisome Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, inayohusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Swali ni lile lile: mtu mwenye njaa, ambaye angeweza kurudi kazini peke yake akapata ujira, atabaki na wenzake au atawaacha? Anayejifunza kubaki nyumbani amekwisha kujifunza nusu ya kubaki bandarini.

Sasa nirudi kwa Mzee Kitereza, maana maisha yake ni sura nyingine ya kitabu chake. Yeye na mkewe, Anna, hawakubakiwa na mtoto, wala hakumwacha. Mswada wake nao ulikaa miaka mingi bila mchapishaji. Padre Almas Simard, aliyemtia moyo na kuanza kuutafsiri kwa Kifaransa, alifariki kazi haijatoka. Uzee na maradhi ya viungo vikamshika; hata hivyo aliketi akaitafsiri kazi yote kwa Kiswahili, kwa mkono wake mwenyewe. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu mwaka 1980, miaka 35 baada ya kuandikwa. Mwaka uliofuata mwandishi alifariki, kabla nakala hazijamfikia. Baadaye kitabu kikatafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe.

Ndugu zangu, yeye alikuwa mwaminifu kwa wasomaji ambao hakuwaona. Je, sisi tumekuwa waaminifu kwake? Ni walimu wangapi hapa wamekisoma kitabu hicho mpaka mwisho? Na katika wilaya tunakofanya kazi, ni wazee wangapi wenye madaftari chini ya kitanda, yanayoliwa na mchwa?

Ombi langu ni dogo. Mwalimu, chukua sura moja ya riwaya hii uisome na wanafunzi wako, kisha uwatume wakawaulize mababu na mabibi zao juu ya mambo yaliyomo. Mtumishi wa umma uliyehamishiwa ugenini, ukionyeshwa daftari la mzee, usilisifu kwa mdomo tu ukaondoka. Lisome, likinakiliwe nakala mbili, moja ibaki kwake. Kitereza alisubiri miaka 35. Wengi hawana umri wa kusubiri hivyo.