HOTUBA: KUMBUKUMBU ZA UMMA KATIKA MIKATABA YA HIFADHI YA MTANDAONI



Jalada la ardhi likihifadhiwa katika kompyuta za kampuni kwa njia ya mtandao, linabaki kuwa kumbukumbu ya umma chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002. Hivyo, kabla ya kutiwa saini, mkataba hauna budi kutaja mahali zitakapokaa kumbukumbu, watakaoruhusiwa kuziona, muda wa kuzitunza, na namna zitakavyorejeshwa zote, zikisomeka, mkataba utakapokwisha. Kampuni isifute jalada lolote bila kibali halali cha maandishi. Sharti lililosahauliwa leo laweza kesho kumwacha mkulima wa Pande bila ushahidi wa shamba lake.