Nchi za Jirani: Taarifa Iliyogeuzwa Ombi



Tarehe 11 Januari 1994, Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, alipeleka ujumbe wa siri New York. Mtu mmoja aliyewafunza vijana wa Interahamwe alikuwa amemfichulia habari za silaha zilizofichwa mjini Kigali, na kwamba vijana hao waliweza kuua Watutsi hadi 1,000 katika dakika 20. Dallaire akaarifu kuwa amekusudia kuchukua hatua katika saa 36.

Tunasema “akaarifu”, maana kila askari anajua tofauti ya taarifa na ombi. New York waliipokea kama ombi, wakalikataa. Walimwagiza aipeleke habari hiyo kwa Rais Habyarimana, ambaye chama chake ndicho kilichowaunda vijana hao.

Wakubwa wale walikuwa na sababu. Juni 1993, mjini Mogadishu, askari 24 wa Pakistan waliuawa siku walipokwenda kukagua maghala ya silaha; Oktoba mwaka huo wakauawa Wamarekani 18. Aliyetoka kuzika juzi huogopa, na hofu hiyo twaielewa. Tusichoweza kukielewa ni jambo la saa 36 kuamuliwa na watu walio mbali, bila hata kumwuliza aliye mahali penyewe kwamba, akizuiwa, kitatokea nini.

Katika kazi za jeshi na polisi maamuzi hayana njia moja. Ratiba ya lindo haihitaji kikao. Mkuu wa kituo huiandika na kuibandika ukutani. Uhamisho wa askari mwenye mgonjwa nyumbani wataka kusikilizwa kwanza. Kufyatua risasi kuna amri zake zilizokwisha kuandikwa, wala hakungoji maoni ya mtu. Hatari huja pale mkubwa na mdogo wasipokubaliana mapema jambo lipi ni la njia ipi.

Aprili ikafika. Tarehe 6 ndege ya Habyarimana, akirejea kutoka mkutanoni Dar es Salaam, ilitunguliwa, na mauaji yakaanza. Tarehe 21 Baraza la Usalama likaamua kulipunguza jeshi lile, lililokuwa na askari wapatao 2,500, libaki na watu kama 270. Brigedia Henry Anyidoho wa Ghana, naibu wa Dallaire, akasema Waghana watabaki. Kibali cha Accra kilifuata baadaye.

Asije mtu akadhani tunahubiri uasi. Anyidoho aliwajua askari wake, alikuwa nao palepale, akabaki nao katika hatari ileile. Mwenzake Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, mwangalizi asiye na silaha, aliwapitisha watu vizuizini wachache wachache ndani ya gari lake, kinyume cha maagizo; aliyoihatarisha hasa ni roho yake. Dallaire alijua, wala hakumzuia. Huo nao ulikuwa uamuzi wa mkubwa, ingawa haukuandikwa popote.

Diagne aliokoa mamia ya watu. Tarehe 31 Mei 1994 kombora lilianguka karibu na gari lake akiwa kizuizini, akafa. Mwaka 2014 Baraza la Usalama, lile lile lililowapunguza askari, lilianzisha medali yenye jina lake.