Kusaga Meno Usiku: Usikimbilie Kung'oa

Leo tutazungumza juu ya meno. Siyo meno yaliyooza, hayo tumeyazoea. Ni meno mazima yanayoumizwa na mwenyewe usiku, naye amelala, hana habari.

Kusaga meno ni kusugua meno ya juu na ya chini wakati mdomoni hamna chakula. Wengine hawasugui, huyauma tu kwa nguvu, taya likakaza. Wako wanaofanya hivyo hata mchana, wakilima au wakiendesha pikipiki, bila kujijua. Wengi wetu neno hili tulilisikia kwanza kanisani, katika habari za adhabu ya mwisho. Kwa hiyo mama akimsikia mumewe anasaga meno usiku, hofu humwingia. Labda ni pepo, labda amelogwa! Hapana. Ni misuli ya taya inayofanya kazi wakati wa kupumzika.

Tutajuaje? Wa kwanza kujua ni anayelala naye chumba kimoja, kwa sababu husikia sauti kama mawe mawili yanasuguana. Lakini anayeuma meno bila kusugua hatoi sauti. Huyo ajichunguze asubuhi. Je, taya limechoka kama uliyetafuna muwa usiku kucha? Kichwa kinauma kandokando, hapa juu ya masikio, kisha kinapoa jua likipanda? Sikio linauma lakini halitoi usaha? Maji ya baridi yanachoma meno? Chukua kioo utazame. Meno yaliyosagika huwa bapa kama yamepigwa tupa, na mengine hupata ufa au humeguka. Sasa weka vidole mashavuni, karibu na pembe ya taya, halafu uma meno. Umesikia misuli inavyoinuka? Kwa mwenye kusaga meno, mara nyingi misuli hiyo huuma ukiibonyeza.

Nieleze kwa nini nasisitiza dalili. Maumivu haya hufanana na ya jino bovu. Mtu anaumwa upande mzima wa uso, hawezi kuonyesha ni jino lipi, basi anakwenda kung'oa moja. Maumivu yanabaki palepale. Anarudi kung'oa la pili. Jino la mtu mzima likitoka halioti tena, na yale yaliyobaki hubeba mzigo wote. Kabla hujafungua mdomo ung'olewe, muulize tabibu wa meno, tena bila aibu: Jino hili lina tundu? Limelegea? Lina usaha? Kama ni zima, mweleze habari za usiku.

Sababu ni nyingi, na kubwa mojawapo ni mawazo. Tangu mnyauko wa migomba uingie Kagera mwaka 2006, ni wangapi wamelala wakiwaza shamba? Ongeza ada ya mtoto na deni la dukani. Mchana mtu hunyamaza kiume, usiku taya ndilo linasema.

Halafu kuna kahawa. Hapa Karagwe na Kyerwa hatuwezi kuiruka. Kahawa yetu ya robusta ina kafeini karibu mara mbili ya ile ya arabika, na kafeini huamsha mwili. Mgeni akifika tunampa akamwani atafune, ni heshima yetu, wala sisemi tuiache. Nasema mwenye kusaga meno asitafune wala asinywe kahawa baada ya saa tisa alasiri. Rubisi, gongo na sigara navyo vimo. Wanaokunywa na kuvuta husaga meno zaidi kuliko wasiotumia. Pia dawa fulani za hospitali, hasa baadhi ya zile za maradhi ya akili, huweza kuleta jambo hili. Usiziache mwenyewe. Mwambie daktari aliyekupa.

Na minyoo je? Najua mtalisema hilo. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ilivyotufundisha juu ya minyoo ya safura. Minyoo ina makosa yake mengi, lakini hili haijathibitika kuwa ni lake. Mtoto apewe dawa ya minyoo kwa ajili ya minyoo. Usinunue kila mwezi kwa ajili ya kusaga meno. Watoto wengi husaga, na wengi wao huacha wenyewe wanapokua na meno ya utotoni yanapokwisha kutoka. Tena usimwekee aliyelala kijiti wala kitambaa mdomoni. Atapaliwa.

Lakini jambo moja tusilichanganye na haya. Mtu aliyejikata kwa panga au kuchomwa na msumari, kisha taya likakaza hata mdomo haufunguki, huyo hasagi meno. Inaweza kuwa pepopunda. Vivyo hivyo kitoto kichanga kilichokuwa kinanyonya vizuri, sasa hakiwezi. Hapo hatungoji asubuhi. Ni hospitali mara moja.

Tiba ya nyumbani haina gharama. Jifunze kuliweka taya: midomo imefungana, meno yameachana, ulimi umetulia. Funga uzi mwekundu kwenye mpini wa jembe, na kila ukiuona, legeza taya. Jioni kanda mashavu kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi, dakika 10 hadi 15. Taya likiuma, kula ndizi zilizoiva vizuri jikoni, uache miwa na mahindi ya kukaanga kwa siku kadhaa. Mambo ya deni na ada zungumzeni mapema, jua halijazama, siyo kitandani.

Kama wiki mbili zimepita na maumivu yapo, au meno yanameguka, au mtu anakoroma sana na pumzi inakatika usingizini, aende hospitali. Walio Karagwe wanayo Nyakahanga, walio Kyerwa wanayo Isingiro. Uliza habari za kinga ya meno. Ni kifaa cha plastiki kinachotengenezwa kwa kipimo cha meno yako, unakivaa ukilala. Hakiondoi tabia ya kusaga, bali hupokea msuguano badala ya meno. Ukienda, nenda na yule anayekusikia usiku. Yeye ndiye shahidi.